Kofia aliyoiacha mdogo wangu

Asalamu alaykum dada. Poleni sana hapo Malindi, Mola amrehemu mdogo wako. Umeuliza kama ni makosa kumtaja marehemu wakati mama ameficha picha zake na hataki jina lake lisikike nyumbani, na mwaka unakaribia kutimia. Mimi ni wa Lamu. Tulimzika mdogo wangu akiwa na miaka 19, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyotupata sisi.

Yeye alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ile wengi huiita sikoseli. Vidole vilianza kumvimba kabla hajatimiza mwaka. Kusi ikivuma na baridi ya alfajiri ikaingia, mifupa inamshika, na kazi yako usiku kucha ni kumsugua miguu na kumpa maji. Ikizidi, ni boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kisha basi. Miaka ile mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi, basi unangoja msafara upangwe huku mtoto anauma meno. Siendelei, nyinyi mliomuuguza mdogo wako figo miaka mitatu mnayajua haya.

Kilichoniuma baadaye ni matanga. Kila aliyekuja alizungumzia maumivu, damu aliyoongezwa, na kwamba sasa amepumzika. Hawakusema uongo. Lakini ni kama walikuwa wakimzungumzia mtu nisiyemjua, kwa sababu mdogo wangu alikuwa fundi wa kofia.

Shule ilimpita kwa kulazwa kila mara, mjomba akamfundisha kushona kofia za mkono. Utamkuta barazani, mgongo ukutani, chupa ya maji ubavuni, kitambaa gotini. Anatoboa kitundu kwa sindano, anakizungushia uzi mweupe mpaka kinasimama kama jicho dogo, ndipo anahamia cha pili. Kofia moja miezi miwili, akiugua hata minne. Na alikuwa mkali! Ukimletea kofia ya mashine uisifie, anaigeuza ndani kwanza, anatazama nyuzi, anakurudishia bila neno.

Sasa kuhusu mama. Wetu naye alinyamaza, karibu miezi saba. Tulidhani ni huzuni tu, kumbe alikuwa akijilaumu. Zamani, hospitali moja, mtu alimwambia mbele za watu kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani, na neno lile alilibeba miaka yote. Nilimtafuta muuguzi mmoja mwenye subira, akaja akakaa naye mkekani. Akamweleza kwamba mtoto huugua hivi akirithi kwa pande zote mbili, baba na mama, nao wenyewe wazima kabisa. Kila mimba ya wazazi kama hao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tena mwenye kurithi upande mmoja tu hukingika kwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana damu hii imeenea sana huku kwetu pwani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni sote wawili." Jioni ile alilitaja jina la mwanawe mwenyewe, bila kuulizwa.

Kwa hiyo dada, kumtaja si makosa hata kidogo. Ila kabla ya kumlazimisha mama, kaa naye mkiwa wawili, jaribu kujua kimya chake kimebeba nini. Pengine kuna neno aliambiwa hospitalini au mtaani na hajamwambia mtu.

Na siku ya mwaka, someni hitima kama kawaida, kisha msitawanyike baada ya chai. Waiteni rafiki zake, wale waliocheza naye, na kila mmoja aseme jambo moja alilofanya akiwa na nguvu zake. Kwetu kijana mmoja alikuja na kofia kichwani, akaivua akamwekea mama mkononi. Mama akaigeuza ndani, akatazama nyuzi, vilevile kama mwanawe.

Ile ya mwisho hakuimaliza. Duara la juu limekamilika, ukuta umefika nusu, na sindano imo bado pale alipoichoma, imeshika kutu kwa chumvi ya hewa yetu. Nilimuuliza mjomba kama ataimalizia. Akasema mkono ni wa mwenyewe, iacheni. Mama anaiweka kwenye sanduku la kanga zake, na mgeni akiulizia habari za mdogo wangu, huenda akaitoa akamwonyesha.