Buibui 80 na Jumamosi Moja

SWALI: Shikamoo dada. Nafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Nilianza na mmoja, leo wako 80. Kila Jumamosi nafungua vyombo vyote, nalisha, nabadilisha udongo, mpaka usiku unaingia. Bado wengine wanasusa chakula, na wawili wamenifia wakijivua gamba. Yule wa rangi ya chungwa ananitisha kabisa. Niwapunguze? Msomaji, Leicester, Uingereza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Punguza kazi kwanza, buibui waache. Sehemu kubwa ya hiyo Jumamosi yako hawaihitaji.

Jike mzima wa Brachypelma hamorii, yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, nyenje mmoja au wawili kila baada ya siku 10 hadi 14 wanamtosha. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo hana pupa. Watoto ndio wa kuhangaikia. Wangu wadogo kabisa nawawekea paja la nyenje aliyekwisha kufa, mlangoni pa shimo, mara mbili kwa wiki.

Udongo usiubadilishe kila wiki, unawabomolea nyumba. Mimi natumia vumbi la makumbi ya nazi, na linakaa miezi mingi mradi nitoe mabaki ya chakula kwa koleo refu la kubania kesho yake. Yakiachwa yanaota ukungu na kuleta utitiri. Maji safi kwenye kisahani, basi.

Hao wawili waliokufa wamenisikitisha. Je, kulikuwa na nyenje hai ndani? Buibui anayekaribia kujivua husita kula, tumbo linavimba na kung'aa, na kwa hawa wa Amerika kile kipara cha tumboni hugeuka cheusi. Ukiona hivyo toa nyenje wote, bakiza maji. Atalala chali kama maiti, usimguse, usimgeuze. Akishatoka kwenye gamba, meno yake huwa meupe na mwili ni laini, na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna. Meno yatakuwa mekundu, kisha meusi. Subiri yawe meusi ndipo umlishe.

Ndiyo maana kila kifuniko changu kina karatasi: jina, siku aliyokula, siku aliyojivua. Kwa buibui wengi kiasi hicho, kichwa hakitoshi. Ukipita na kalamu utajua wa kulishwa leo ni wachache tu.

Huyo wa chungwa ni Pterinochilus murinus, wa kwetu Afrika Mashariki. Huko Ulaya wanamuuza kwa jina la Usambara. Hana manyoya ya kuwasha kama wa Amerika, lakini ana mbio, na aking'ata maumivu ni makali, misuli inakaza. Mpe udongo mkavu, wa kina, achimbe. Chombo chake kifungulie ndani ya beseni refu, koleo mkononi, na kwanza umwone alipo. Usipomwona, usifungue, atakula wiki ijayo.