Injini ya Corolla: itoke juu ama chini, na giaboksi ama bila?

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota Corolla AE110 ya 1998, injini ya 5A, gia otomatiki. Inakunywa oil vibaya na inatoa moshi wa buluu. Nimeonyeshwa injini ya mtumba kutoka Japani hapa mjini na nimeweka arbuni. Bei ya kung'oa na kurudisha imenishinda, kwa hivyo mimi na shemeji yangu tunataka kuifanya wenyewe nyumbani Lanet, hapa Nakuru. Fundi wa kwanza aliniambia tutoe injini peke yake, tuache giaboksi ndani ili uzito upungue. Wa pili akasema vyote hutoka pamoja, tena kwa chini. Tumfuate nani? Na je, tawi la mparachichi lililo uani litabeba?

JIBU: Kila mmoja wao ana nusu ya ukweli, ndugu yangu. Kwa gari lako vitoke pamoja, na vitokee juu. Mparachichi uuache uzae.

Fundi wa kwanza huenda mkono wake ulizoea Corolla za zamani, zile KE70 tulizoziita DX, au pikapu. Huko injini imelala kwa urefu wa gari na nguvu inaenda magurudumu ya nyuma, kwa hivyo unafungua bolti za giaboksi, unaivuta injini mbele kidogo, inajitoa, unainua. Kwa AE110 injini imekaa mkingamo. Giaboksi iko ubavuni mwake, upande wa kushoto wa gari, na hakuna nafasi ya kuisukuma injini kando hadi iachane nayo. Bolti za juu utazifikia, lakini za nyuma zimetazama ukuta wa kabini, na za konveta, ile ngoma inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki, hufikiwa moja moja kupitia kitundu kidogo huku mwenzako akizungusha injini kwa spana. Hata ukifaulu, siku ya kurudisha utakuwa na injini inayoning'inia huku unatafuta pini za kulengea usizoziona. Uzito uliookoa kwa kutoa utaulipia kwa kurudisha.

Kutolea chini ni sawa kwa karakana yenye lifti. Nyumbani ingebidi uinue bodi juu kiasi cha injini nzima kupita chini yake, na hakuna jeki ya uani ninayoiamini kwa kazi hiyo.

Sasa, kabla hujamaliza kulipia hiyo injini, hujaniambia moshi unatoka saa ngapi. Moshi ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukapotea, shaka yangu ya kwanza ni sili za valvu, na hizo hubadilishwa bila kung'oa injini. Ukitoka unapokanyaga mafuta, tuseme unapanda kutoka Salgaa kwenda Sachangwan, hapo ni ringi za pistoni au silinda. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Ila usishtuke ukiona namba ziko chini ya zile za kitabu: Nakuru tuko juu, zaidi ya mita 1,800, na hewa ya huku ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Geji nayo itasoma chini, injini ikiwa nzima kabisa. Linganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Tatu zikikaribiana na moja ikaachwa nyuma kwa zaidi ya psi 15, tia kijiko cha oil kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Ikibaki palepale, tatizo liko juu, kwenye valvu au gaskiti.

Tuchukulie umepima na ni ringi. Kuhusu kuning'iniza: injini hiyo na giaboksi yake ya otomatiki ni zaidi ya kilo 150, na tawi la mparachichi hukatika bila kukuonya. Paa la kibanda cha mabati ni hivyo hivyo. Kodisha cheni bloku, ile winchi ya mnyororo, ya tani moja pamoja na nguzo tatu za bomba la chuma, mafundi wa jua kali wanazo. Kreni ya magurudumu ni nzuri kwenye sakafu ya simiti, lakini udongo wa Lanet ni majivu ya volkano, laini, na magurudumu yake madogo yatazama mzigo ukiwa hewani. Hata miguu ya nguzo na stendi za jeki uziwekee vipande vya mbao nene chini. Stendi, si mawe wala matofali.

Anza kwa kupiga picha kila upande kwa simu. Kisha chomoa soketi ya pampu ya mafuta, ambayo kwa magari mengi ya aina hii iko chini ya kiti cha nyuma, na uiache injini iungurume hadi ijizime yenyewe. Hapo presha ya petroli imekwisha na hutarushiwa mafuta usoni ukifungua mpira. Toa betri. Ikipoa, mwaga maji ya radieta, oil ya injini na oil ya giaboksi, kila kimoja kwenye karai yake. Dawa ya radieta ina utamu na ni sumu, kwa hivyo usiiache mahali kuku au mbwa watainywa. Oil chafu weka kwenye jerikeni. Jirani mwenye nguzo za ua zinazoliwa na mchwa ataiulizia kabla ya jioni.

Boneti itoke, ukiwa umechora mstari kuzunguka bawaba ili irudi mahali pake. Radieta itoke pia. Nyaya ziache kwenye gari, chomoa soketi moja moja na kila moja uibandike tepu yenye namba, namba ileile ukiiandika pale ilipotoka.

Kompresa ya AC usifungue mipira yake hata kidogo. Ifungue bolti zinazoishika kwenye injini, isogeze kando, ifunge kwa waya kwenye bodi. Gesi inabaki ndani na unaokoa pesa ya kujaza. Pampu ya pawa stelingi ifanyie hivyohivyo.

Shafti za magurudumu ndizo huwapotezea watu siku nzima, kwa sababu wanakimbilia ile nati kubwa ya 30 katikati ya gurudumu. Iache. Fungua boljointi, kile kiungo cha chini cha gurudumu, pale inaposhikwa na mkono wa chini, bolti moja na nati mbili kila upande, vuta habu (kitovu cha gurudumu) nje, halafu uchokonoe mwisho wa ndani wa shafti kutoka kwenye giaboksi kwa nondo bapa. Itatoka kwa mshtuko, basi mtu aishike, na nondo isiguse sili. Shafti ifunge kwa waya isining'inie. Kisha rudisha boljointi mahali pake na uvae tairi. Utaona faida yake baadaye: nguzo tatu haziendi popote, kwa hivyo injini ikishapanda ni gari litakalosukumwa nyuma, na lazima liwe na magurudumu manne yanayozunguka. Pia beringi ya habu haipendi kubebeshwa gari bila shafti ndani yake, ndiyo sababu nyingine ya kuiacha ile nati.

Ekzosi, kebo ya akselereta, kebo ya gia, mipira ya hita, mpira wa breki busta, hayo mtayaona wenyewe. Mauntingi, yaani vishikizo vya injini na giaboksi kwenye bodi, ni nne. Ya mbele na ya nyuma zimekaa kwenye ule mhimili wa chini, ya kulia iko upande wa mkanda wa taimingi, na ya kushoto inashika giaboksi. Funga cheni kwenye zile kulabu mbili za kiwandani zilizo kwenye injini, ivute hadi ikaze kidogo, ndipo ufungue bolti za mauntingi. Upande wa giaboksi uachie ushuke chini kuliko mwingine, la sivyo hautapita kwenye chesisi.

Inua kiasi cha vidole vinne, kisha simama. Mmoja azunguke na tochi. Karibu kila mara kuna kitu kimesahaulika: waya wa athi nyuma ya injini, soketi ya swichi ya gia, au mpira mwembamba wa vakyumu. Cheni ikiwa nzito ghafla usiongeze nguvu, tafuta kinachoshika. Na mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya injini inayoning'inia, hata kama ni sekunde ya kuokota nati.

Ikiwa chini, ziba matundu yote kwa vitambaa safi, maana vumbi la huku ni laini na linaingia popote. Laza injini mbili sambamba ulinganishe mauntingi, soketi na sensa kabla ya kuvua chochote kwenye ile kuukuu. Mpya ivalishe mkanda wa taimingi mpya na sili ya nyuma ya krenki. Ni vitu vya bei ndogo ambavyo kesho vitakutaka uvue tena kila kitu.

Konveta ndiyo itakayoamua kama giaboksi itaishi. Kabla ya kuunganisha na injini mpya, isukume ndani ya giaboksi huku ukiizungusha, mpaka uisikie ikiingia kwa hatua, tak, tak. Ikikaa sawasawa itakuwa imezama ndani ya mdomo wa giaboksi, na mkiunganisha, nyuso mbili zitagusana kwa mkono tu huku konveta ikizunguka kwa ulaini. Mkiona mwanya, msiuzibe kwa kukaza bolti. Mtaivunja pampu ya giaboksi, na hamtajua hadi siku ya kuwasha.

Namba ya injini ni rahisi kuisoma ikiwa bado nje, kwa hivyo inakili na uipige picha sasa. Namba hiyo imeandikwa kwenye logbuku, cheti cha usajili wa gari, na mabadiliko yake lazima yafike NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya inayosajili magari. Mwambie muuzaji akupe risiti yenye namba ya injini pamoja na nakala ya karatasi za forodha, na umwambie hivyo kabla hujammalizia pesa. Asiyekuwa nazo, mdai arbuni yako urudi nyumbani.