Je, ubongo wa mzee bado huzalisha nyuroni mpya?

Aliyeanzisha uzi huu ameuliza iwapo ni kweli kwamba mtu akishavuka miaka 60 ubongo wake hauzalishi tena nyuroni, yaani seli za neva, hata moja. Kazi yangu ni ya maabara: hukata bongo za panya vipande vyembamba, huvitia rangi na kuhesabu seli kwa hadubini. Katika hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya kijana, nyuroni changa husongamana kando ya ukanda mmoja mwembamba, matawi yake yakipanda juu, hata inakuwa taabu kujua seli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwa panya mzee, ukanda uleule naupitia wote nikakuta seli mojamoja tu. Upungufu huo hausubiri uzee, kwani sehemu kubwa hutokea mnyama akiwa bado wa makamo, na chanzo chake kikuu ni seli shina, zile zinazozaa nyuroni mpya, ambazo baadhi zimekwisha na nyingine zimelala. Kwamba zimelala, wala hazijafa zote, kulionekana mwaka 2005, pale panya wazee waliopewa gurudumu la kukimbilia walipofikia karibu nusu ya kiwango cha vijana.

Kwa binadamu ndipo penye ubishi. Mwaka 2013, watafiti wa Sweden waliopima kaboni-14 iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo huonyesha seli ilizaliwa lini, walikadiria nyuroni mpya 700 kwa siku katika kila hipokampasi, zikipungua kidogo tu kadiri umri unavyosonga; mwaka 2018 kundi jingine likasema halikuona hata moja kwa watu wazima. Mimi naegemea upande wa wanaosema zipo, kwa sababu ya jambo ambalo kila fundi wa maabara analijua: ubongo ukikaa mno kwenye dawa ya kuhifadhia, rangi haishiki tena, na seli iliyopo haionekani. Mwaka 2019 kundi la mtafiti María Llorens-Martín, huko Hispania, lilithibitisha athari hiyo, kisha likaonyesha nyuroni changa hata kwa mtu wa miaka 87, ingawa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, zilikuwa chache zaidi.

Kwa hiyo, ndugu, baada ya miaka 60 uzalishaji hupungua, haukomi. Ila wanaouza vidonge vya “kuotesha nyuroni” msiwasikilize, maana hakuna kipimo cha kuzihesabu ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Hata ongezeko la ukubwa wa hipokampasi lililoonekana kwa wazee waliofanya mazoezi ya kutembea haliwezi kutuambia kama limetokana na nyuroni mpya au na mishipa ya damu.