Wekeni Chini Hicho Kitambaa: Maneno kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Makumbusho

Jumanne iliyopita niliingia storu saa mbili na nusu asubuhi, nikamkuta kijana wetu wa fildi amekaa chini ya dirisha, amepakata dira ya ndege ya enzi za vita, kopo la Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, liko wazi pembeni, na kitambaa kimeshakuwa cheusi. Aliponiona akasimama kwa furaha. "Shikamoo mama. Hebu ione inavyowaka!" Nilimnyang'anya kitambaa kabla sijaitikia shikamoo yake. Kwa hilo la salamu nimeshamwomba radhi. Kwa kitambaa siombi.

Huu ni mwaka wangu wa 23 katika kazi hii. Nilianzia Tabora, nikahamia Kigoma, na kila kundi jipya la fildi huja na kopo lake. Mnatoka chuoni mnazijua kanuni zote za uhifadhi, mitihani mmefaulu, lakini mkiona shaba iliyofifia mikono inawawasha. Bidii yenu naipenda sana, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Basi kaeni niwaeleze.

1. Kisome kifaa kabla hujakigusa. Chukua tochi, kioo cha kukuzia na penseli, ukae nacho nusu saa nzima. Kigeuze. Angalia chini, ndani ya kifuniko, nyuma ya bawaba. Piga picha pande zote hata kabla ya kupuliza vumbi, kisha zima taa upige tena tochi ikiwa imelazwa ubavuni, maana mkwaruzo uliojificha huinuka ukimulikwa kwa pembeni.

Mnakijua Columbia, kile chumba cha Apollo 11 kilichowarudisha watu kutoka mwezini Julai 1969. Michael Collins aliandika ndani yake kwa mkono wake, akakisifu kuwa ndicho chombo bora kuliko vyote vilivyopata kutengenezwa kwenye mstari ule. Hayo yalijulikana. Lakini mwaka 2016, watu wa Smithsonian walipokuwa wanakipima ndani kwa kamera za pande tatu, walikuta maandishi mengine kutani: tarakimu za safari, onyo kwamba kabati fulani lina taka zinazonuka, na kalenda ndogo ya kuchora, siku zimekatwa moja moja isipokuwa ile ya kutua. Ni kalamu tu juu ya ukuta. Hebu fikirini mtu mmoja mwenye bidii kama yenu angepita pale na pamba yenye spiriti.

2. "Chafu" si maelezo. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kwenye jumba dogo la kumbukumbu ambalo sitalitaja. Familia moja ilileta dira ya marehemu nahodha, mtu aliyesafirisha mizigo kwa boti miaka mingi kati ya Kigoma, Kasanga na upande wa Kongo. Dira yenyewe ilikuwa bakuli la shaba lililoning'inia ndani ya kisanduku cha mninga. Kisanduku kilikuwa na masizi ya karabai, alama za vidole vyenye mafuta, na upande wa ndani wa kifuniko ulijaa michoro ya penseli iliyopandana. Kwenye rejista niliandika mstari mmoja, naukumbuka herufi kwa herufi: "Dira 1, shaba, ina sanduku la mbao, chafu."

Zilibaki siku 3 kabla ya kufungua maonyesho. Mkubwa wangu akasema kifaa kile kitakaa mlangoni, kiwe kinatazamika. Hakuniambia nikipige msasa. Hilo nililiamua mwenyewe. Nilianza na msasa mnene nikamalizia na laini, masizi yakatoka, mafuta yakatoka, penseli ikatoka. Nikapaka vanishi mikono miwili. Bakuli nikalipiga Brasso mpaka nikajiona uso. Kila aliyepita alisifu. Nilipigwa picha nimeishika, na picha hiyo ninayo.

Siku ya ufunguzi alikuja mjane wa nahodha, bibi mfupi, kanga mbili, ameshikwa mkono na binti yake. Nilimfungulia kifuniko mimi mwenyewe. Alitazama muda mrefu. Akapitisha kiganja juu ya ile mbao laini, akanigeukia.

"Mwanangu, kile kisanduku chetu mmekiweka wapi?"

Nikamwambia, "Ndicho hiki, bibi."

Akatazama tena. Ndipo akaanza kunieleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mzee hakuwa na daftari. Digrii zake zote za safari aliziweka pale kifunikoni: kwenda Kasanga namba hii, kurudi namba ile, boti ikiwa tupu hivi, ikiwa na mzigo wa vyuma vile, kwa sababu chuma cha injini kilikuwa kinaivuta sindano. Nyinyi mnaelewa alichokuwa anaeleza bibi yule. Ilikuwa kadi kamili ya mkengeuko wa dira, yaani orodha ya dira inakosea kiasi gani kila uelekeo, imetengenezwa kwa macho na subira ya mtu mmoja, ya boti ambayo haipo tena duniani. Hakuna mahali pengine pa kuipata.

"Na jina lake pale juu," akasema, "niliandika mimi. Mwaka ule tulipofundishwa darasa la watu wazima. Ndilo neno la kwanza nililoandika nje ya ubao."

Sikuwa na jibu. Aliomba maji, akanywa, akamwambia binti yake, "Basi, twende." Hakunifokea, na mpaka leo naona angenifokea ningelala usiku ule.

Watu walipoondoka nilizima taa, nikalaza tochi kila pembe ya kile kifuniko. Penseli iliyokandamizwa huacha bonde kwenye mbao, na mara nyingine bonde hubaki hata rangi ikienda. Halikubaki hata moja. Msasa wangu ulikuwa umelifikia.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake Ujiji na daftari. Nilikaa naye alasiri tatu. Alikumbuka uelekeo wa safari tatu, jina la boti, na namna mzee alivyokuwa akigongagonga kioo cha dira kwa ukucha kabla ya kung'oa nanga. Yote niliyaandika, nikaweka tarehe, nikaweka na mstari unaosema wazi nani alifuta maandishi ya kifunikoni, kwa kitu gani, siku gani. Mstari huo uko kwenye faili kwa jina langu. Na nyinyi mkikosea, andikeni hivyo hivyo, siku ile ile. Kosa lililoandikwa humsaidia mhifadhi wa baadaye, lililofichwa humpotosha.

3. Tao la sekstanti, kile kifaa cha kupimia pembe za jua na nyota, halisuguliwi, kabisa. Vile vijistari vya digrii vimechongwa juu ya ukanda mwembamba wa fedha, na kila msuguo unavila. Sekstanti isiyosomeka ni chuma cha pembetatu tu.

4. Mafuta. Kila mwaka yuko mmoja anayenitajia Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, na najua ataanza vipi: "Lakini mama, mbona Wajerumani…" Ndiyo. Julai 1916, kabla ya kuizamisha Graf von Götzen karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi wake waliifunika mitambo kwa grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Naipenda habari hiyo kuliko mnavyodhani. Utotoni nilikuwa nakimbilia bandarini nikisikia honi yake. Lakini wale mafundi walijua chombo kinakwenda kulala majini, na walikusudia kukirudia. Dira yako inalala kabatini. Grisi kabatini hunasa vumbi, vumbi hunasa unyevu, na chini yake chuma kinaoza wewe ukiona kimetulia.

Na mawese, jamani! Mwaka juzi kijana mmoja aliipaka mawese pete ya shaba ya darubini kwa sababu bibi yake hupaka mapanga. Mafuta ya mimea yana asidi. Yakikaa juu ya shaba huila na kutoa utando wa kijani kama nta, na kuutoa kulituchukua siku nne kwa vijiti vya mianzi. Mawese yana kazi yake, na samaki wetu migebuka wanaijua.

5. Saa na mita za ndege za zamani zenye namba zilizokuwa zinang'aa gizani: usifungue kioo. Rangi ile mara nyingi ni ya radiamu, yenye mionzi ya hatari. Kwamba haing'ai tena hakuna maana yoyote, kilichochoka ni unga unaotoa mwanga, radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Weka mahali penye hewa, andika lebo ya onyo, kioo kikiwa kimepasuka funga ndani ya mifuko miwili, nawa mikono, na wapigieni Tume ya Nguvu za Atomiki waje wapime. Dira ya Jumanne ilikuwa na namba za aina hiyo, na kijana wangu alikuwa ameipakata. Ndiyo maana sikuitikia shikamoo.

6. Zebaki. Wageni wa karne ya 19 waliopima nyota huku kwetu hawakuwa na upeo wa bahari wa kuanzia kipimo. Tabora ni miombo kila upande, na hata ukisimama Ujiji ng'ambo unaona milima ya Kongo. Kwa hiyo walimimina zebaki kwenye trei, wakapima pembe kati ya nyota na kivuli chake humo ndani, wakagawa kwa mbili. Trei hizo na chupa zake za chuma zikiingia storu, vueni pete kwanza, maana zebaki hula dhahabu. Hula na shaba, na ikigusa alumini ya ndege huivunja kutoka ndani. Kamwe msiweke vitu hivyo rafu moja.

7. Beba kwa mikono miwili, na njia iwe imeshafunguliwa mbele yako. Januari 1867 aliyebeba kronomita za Livingstone, zile saa za kupatia longitudo, aliteleza njiani akaanguka. Saa hazikusimama, na hapo ndipo palipokuwa na hatari: zilibadili mwendo tu, zikaendelea kumdanganya, na longitudo zake zikapotoka. Dakika 4 za saa ni nyuzi 1, na kwa latitudo yetu nyuzi 1 ni kilomita kama 111. Pigeni hesabu sekunde 30 ni umbali gani, halafu mje mniambie kwamba kifaa "kimegonga kidogo tu".

Na saa ya zamani msiijaze ufunguo mkasikilize kama inatembea. Saa ya nne ya John Harrison, ile iliyomaliza ubishi wa namna ya kupata longitudo baharini, iko Greenwich, Uingereza, imesimamishwa kwa makusudi. Inahitaji mafuta ili itembee, na kutembea kungeila. Wenye nayo wana mafundi bora duniani, na wameamua ikae kimya.

8. Kigoma unyevu, Tabora ukavu. Kisanduku kilichozoea masika ya huku kikipelekwa Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa nane kitapasuka, kwa hiyo kisafirishe kimefungwa na kikae hivyo siku kadhaa kabla hujakifungua. Mchwa: kagua kila Ijumaa, bila kungoja kuona njia zao.

9. Mgeni akiuliza "hii ni orijino?" mjibu ukweli, kipande kwa kipande. Watu wengi hawajui kwamba Juni 1916 ndege za majini za Wabelgiji, aina ya Short, ziliruka kutoka ng'ambo ya ziwa zikadondosha mabomu bandari ya Kigoma. Wanafunzi wa shule wakisikia hivyo hutaka kuiona ndege yenyewe, nami huwaeleza kwamba ndege ya wakati ule ni mbao, waya na kitambaa kilichokazwa kwa dawa, na kitambaa hakina subira. Hata ndege ya kwanza ya ndugu wa Wright, ya 1903, ilivishwa kitambaa kipya mwaka 1927 na tena 1985. Haikupoteza heshima, kwa sababu kila badiliko liliandikwa. Juzi mtoto wa darasa la nne aliuliza, kwa hiyo nguo za ndege hufuliwa? Nilimwambia hapana, na moyoni nikasema huyu nitamngoja.

Kijana wangu wa Jumanne alikuwa amefika nusu ya bakuli. Nusu ya pili, chini ya kutu, ina namba ya fundi iliyochanjwa kwa ncha ya msumari, tarakimu tano na herufi moja. Ameshaichora mwenyewe kwenye rejista, ukurasa mzima, na ameandika pia nusu aliyoisugua, kwa jina lake.

Jumatatu tunafungua lile kreti lililokuja na treni kutoka Tabora. Saa mbili kamili. Njooni na tochi na penseli, kalamu za wino muziache mlangoni.