Kuvuta usukani siyo kupanda

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukitua kwenye simyuleta (kiigizaji cha urushaji wa ndege) ndege inadunda au inaangukia nje ya njia ya kutulia, na kama kuvuta usukani si ndiko kupanda. Hilo la pili lilinila saa nyingi za mafunzo, ngoja nianze nalo.

Nikiwa na saa kama 9 za kurusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, nilikuwa nakuja kutua nikajiona niko chini mno. Mkono ukafanya unachopenda: nikavuta. Pua ikainuka, njia ikafichika nyuma ya dashibodi, nikajiona fundi. Kisha kasi ikaanza kuyeyuka, noti (maili za baharini kwa saa) 65, 60, 55, na ndege ikazidi kuzama huku pua ikitazama mawingu. Kwenye bawa la kushoto la ndege ile kuna kitundu. Hewa ikilikuta bawa kwa pembe mbaya, kinapiga filimbi ya kukera masikio. Ilipolia, mwalimu akasema "nimeshika", akasukuma usukani mbele na kuipa injini nguvu yote, tukaacha kutua, tukapanda kuzunguka tuje upya. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Pale uliongeza nini?" Sikuwa nimeongeza chochote. Nilikuwa nakula kasi ambayo tayari ilikuwa haba.

Bawa linabeba ndege kwa kuikuta hewa kwa pembe. Ongeza pembe, linabeba zaidi, mpaka kwenye nyuzi 15 hivi au zaidi kidogo. Hapo hewa inabanduka juu ya bawa na ubebaji unaporomoka. Ndiyo stoli. Haina uhusiano na injini kuzimika, ingawa wengi hudhani hivyo. Wala haina kasi moja: ukikata kona ukiwa umelalia nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mbawa zinabeba uzito mara mbili, na ndege iliyokuwa ikistoli kwenye noti 50 sasa itastoli kwenye 70 na ushee. Dawa ni kusukuma mbele kwanza kupunguza pembe, kisha nguvu ya injini, kisha kunyoosha mbawa. Roho itakataa kusukuma ukiona ardhi. Sukuma.

Kwa hiyo ukija kutua, pua ishike kasi na injini ishike kimo. Uko chini? Ongeza injini. Marubani wa jeti kubwa watakubishia, na wana hoja zao, ila kwa anayeanza na ndege ndogo hii ndiyo inayookoa.

Sasa kudunda. Chagua alama moja pale mwanzo wa njia. Ikitulia palepale kwenye kioo, ndipo unapoelekea. Ikipanda kioo, hufiki, ikishuka, unapitiliza. Ukishaikaribia lami, iache alama hiyo, macho yaende mwisho kabisa wa njia. Mimi nilikuwa naikodolea lami iliyo chini ya pua, nikawa navuta mapema au nachelewa, kila mara. Punguza injini, vuta kidogo kidogo, izuie ndege isiguse hadi ichoke yenyewe, magurudumu ya nyuma yatangulie. Na ikidunda, hapa usiisukume pua chini! Gurudumu la mbele si la kupokea kishindo. Ikidunda kwa nguvu, ipe injini nguvu yote, panda ukazunguke uje upya.

Trimu nayo, kile kidhibiti kinachoishikilia pua ilipo bila wewe kukaza mkono, itumie, ukishika usukani kwa ngumi huwezi kuhisi kitu. Vidole viwili vinatosha.

Kabla hujarudi kwenye kutua, panda futi 3,000 juu ya ardhi kwenye simyuleta yako, rudisha injini nyuma, jaribu kushikilia kimo kwa kuvuta polepole mpaka filimbi ilie. Usikimbilie kurekebisha. Tazama kwanza pua ilipo, kisha tazama kipima kimo kinasema nini.