Stendi ya kasuku iwe yenye kufunguka

Swali la wiki liliuliza: kasuku anayefugwa ndani anunuliwe stendi, yaani nguzo yenye matawi ya kusimamia, iliyo tayari au atengenezewe na seremala, na mtu aangalie nini kabla ya kutoa pesa yake? Mimi nasema seremala, kwa sharti moja: kila tawi liweze kufunguliwa kwa mkono na kubadilishwa. Stendi iliyogongewa vijiti kwa misumari au kutiwa gundi itamuumiza ndege mwishowe, hata ikiwa ya mvule iliyochongwa kwa ustadi.

Sababu iko miguuni. Kasuku ana vidole vinne kila mguu, viwili mbele na viwili nyuma, na husimama mchana kutwa na usiku kucha. Akisimama siku zote juu ya kijiti cha unene mmoja, uzito wake huangukia sehemu zile zile za nyayo. Kwanza vile vipele vidogo vya ngozi hufutika, nyayo ikawa laini, yenye kung'aa na nyekundu. Baadaye huota sugu, sugu hupasuka, na kidonda kikiachwa huingia mpaka kwenye mfupa. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri hupita miaka 40, kwa hiyo miguu hiyo ina safari ndefu.

Kwa kasuku wa kijivu, mwenye uzito wa gramu 400 hadi 500, matawi yawe na unene wa sentimita 2.5 hadi 4, na yasilingane. Tazama vidole akiwa amesimama: vizunguke theluthi mbili hadi robo tatu ya tawi. Kucha za mbele zikikutana na za nyuma, tawi ni jembamba mno; vidole vikilala bapa kama yuko sakafuni, ni nene mno. Wale wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, wenyeji wa kusini mwa Ziwa Victoria, wana takriban gramu 50 tu na wanataka sentimita 1 hadi 1.5. Wao hawahitaji stendi ya kusimama sakafuni. Ya mezani yenye urefu wa sentimita 40 inawatosha.

Tawi ninalolipenda kuliko yote ni la mpera. Ni gumu, halimalizwi kwa wiki moja, umbo lake limepinda na linabadilika unene lenyewe, na gamba lake jembamba halimdhuru ndege akilitafuna. Mvinje nao unafaa, na pia mchungwa na mndimu baada ya kuondoa miba yote. Mparachichi usiutumie hata kipande: majani, gamba na tunda vyote ni sumu kwa ndege. Mbono na mbarika vivyo hivyo. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja na utomvu wake huchoma ngozi, basi iache ilipo. Mkarafuu tunao kila upande, hasa Pemba, lakini mafuta yake ni makali na kasuku hutafuna kila anachokanyaga, kwa hiyo nao ningeuacha. Fito na boriti za mkoko zimenyooka na zina unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na unene mmoja ndio tunaoukimbia.

Kata tawi kwenye mti usiopuliziwa dawa. Lisugue kwa brashi na maji ya moto, likague kama lina matundu ya wadudu, kisha liache kivulini penye upepo wiki mbili hadi tatu. Usilianike jua kali; litapasuka kichwani, pale pale utakapotaka kutoboa. Usilitoboe likiwa bichi pia, kwani mti ukikauka husinyaa, skrubu ikalegea na tawi likaanza kuzunguka chini ya miguu ya ndege. Kasuku aliyezungukiwa na tawi mara moja hupata woga wa stendi nzima.

Sasa kazi ya seremala. Nguzo iwe ya mbao ya inchi mbili kwa mbili, urefu wa sentimita 105 hadi 110, ili tawi la juu lifike kifuani mwa mtu mzima. Likipita usawa wa macho, kumshusha kasuku kunakuwa shida, kwani unamnyooshea mkono juu na yeye anapanda zaidi. Tawi kuu liwe na urefu wa sentimita 70 hadi 80, lilale sawa, na mengine mawili au matatu ya sentimita 30 yatoke pande tofauti kwa vimo tofauti. Usiweke tawi moja juu kabisa ya jingine, maana la chini litajaa kinyesi.

Kila tawi lifungwe kwa skrubu yenye ncha mbili: upande mmoja meno ya mbao, upande wa pili meno ya nati. Toboa kichwa cha tawi kwa keekee ya milimita 6, kina cha sentimita 5, uzamishe meno ya mbao ya skrubu ya milimita 8. Kwenye nguzo toboa tundu la milimita 9, pitisha, weka washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu), kaza kwa nati yenye masikio. Fundi anaweza kukuambia askrubu moja kwa moja kutoka nyuma ya nguzo, ni rahisi zaidi. Itashika siku ya kwanza, lakini kila ukifungua na kufunga, meno ndani ya kichwa cha tawi yanazidi kuliwa, na safari ya tatu halikazi tena. Skrubu ya ncha mbili hubaki ndani ya tawi, kinachofunguliwa ni nati peke yake. Kichwa cha tawi kisipungue sentimita 2.5, la sivyo kitapasuka.

Mwambie fundi waziwazi, tena kabla hajaanza: hakuna dawa ya mchwa, hakuna oili chafu, hakuna rangi wala vanishi. Mafundi wengi huipaka mbao oili chafu kwa nia njema, ili isiliwe, nawe huwezi kuitoa tena. Mbao kuukuu za milango na madirisha ya Mji Mkongwe nazo zisitumike, kwa kuwa rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi. Vyuma vyote viwe vya pua. Bolti na mabomba yenye mng'ao wa kijivu wa zinki ni hatari, kwani ndege huyalamba na kuyaguguna, na zinki hujikusanya mwilini ikamtia kutapika, kulegea na kifo. Hewa yetu ya bahari huila zinki upesi ikawa unga mweupe, na unga huo ndio wa kwanza kuingia mdomoni.

Kitako ndicho watu wanachokosea zaidi. Wengi humimina zege hadi nusu ya ndoo ya lita 20, wakasimamisha nguzo humo na kujiona wamemaliza. Fanya hesabu. Lita 10 za zege zina kilo 24 hivi, lakini chini ya ndoo pana sentimita 26, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni 13. Ukisukuma kwa kimo cha sentimita 110, kilo 24 mara 13, gawa kwa 110, unapata nguvu ya kilo 2.8 na stendi imekwenda chini. Chukua badala yake ubao wa mraba wa sentimita 60 kwa 60, stendi nzima ikiwa na kilo 12 tu: 12 mara 30, gawa kwa 110, ni kilo 3.3. Nusu ya uzito, na inasimama imara zaidi. Miguu ya msalaba inadanganya: kila mti ukiwa na sentimita 70, kutoka katikati hadi ncha ni 35, lakini stendi huangukia kati ya ncha mbili, na hapo umbali ni 25 tu. Ubao wa mraba ndio ninaoushauri, na chini yake vipande vinne vya mpira, kimoja kila pembe, ili usiteleze kwenye vigae.

Kuupima ni rahisi. Azima ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia samaki, ifunge kwa kamba kwenye tawi la juu, vuta kwa usawa polepole. Kitako kikiinuka kabla ya kilo 3, kipanuliwe au kiongezwe uzito. Kasuku mwenyewe hawezi kuiangusha. Mtoto anayekimbia ukumbini anaweza.

Kwa trei, sinia kubwa la alumini au la chuma cha pua, lile la kulia pilau watu wanne, linafaa kuliko trei nyingi zinazouzwa na stendi. Lenye upana wa sentimita 60 na ukingo wa sentimita 3 hupokea maganda mengi. Litandikwe gazeti na libadilishwe kila siku. Kasuku mwenye mkia mrefu aachiwe angalau sentimita 30 kati ya tawi la chini na sinia, asije akaburuza mkia kwenye uchafu. Mabakuli mawili ya chuma cha pua, la chakula na la maji, yakae mwisho wa matawi, kamwe yasikae chini ya tawi jingine. Maji yabadilishwe mara mbili kwa siku wakati wa joto la kaskazi, na matunda yaondolewe baada ya saa mbili. Chungu na sisimizi wakiwa wanapanda, fungia pembe za kitako miguu mifupi, uisimamishe ndani ya makopo mafupi yenye maji, kama linavyofanyiwa kabati la chakula, kisha rudia kipimo cha mizani.

Kamba watu huipenda kwa sababu ni laini, na kweli tawi moja lililozungushiwa kamba ya katani hupumzisha nyayo. Lakini masika ya Unguja na Pemba hayana huruma nayo. Kamba ikiloa kinyesi na unyevu wa Aprili huota ukungu kwa ndani kabla hujauona kwa nje, na kasuku wa kijivu ni mwepesi kuliko wengi kupata ugonjwa wa mapafu unaotokana na ukungu. Kuwa na kamba mbili: moja imefungwa, nyingine imefuliwa na inakauka juani, zibadilishane kila wiki. Ikianza kutoa nyuzi, kata au tupa. Uzi ukimzunguka kidole huzuia damu, na nyuzi zilizomezwa huziba gole, ule mfuko wa chakula ulioko shingoni. Kwa sababu hiyo hiyo mshipi wa kuvulia usitumike kutundikia kitu chochote hapo.

Vya kuchezea tunavyo bure. Makumbi makavu, vifuu vilivyosafishwa na kutobolewa, chane za ukindu zisizotiwa rangi na kufungwa mafundo mafupi, karatasi nyeupe iliyokunjwa na karanga moja ndani. Viwili au vitatu kwa wakati mmoja vinatosha.

Ukinunua stendi iliyo tayari, angalia mambo machache. Sumaku ikinata kwenye chuma kinachodaiwa kuwa cha pua, kitilie shaka. Rangi iliyopakwa kwenye bomba ataimenya kwa mdomo. Mbao za vumbi lililogandishwa hufura na kubomoka kwa unyevu wetu. Vijiti vya duara vilivyochongwa kwa mashine vitoe, ufunge matawi ya mpera mahali pake. Kama havitoki, usinunue. Vijiti vya msasa viepuke kabisa, vinachubua nyayo bila hata kupunguza kucha kama wanavyodai. Na stendi yenye pete ya mnyororo wa mguuni, mtindo wa zamani huku kwetu, iondolewe pete hiyo. Kasuku akishtuka akaruka huku amefungwa, mguu ndio unaovunjika.

Mahali pa kuiweka pawe ukumbini watu wanapokaa, upande mmoja kuna ukuta, kwani ndege aliyezungukwa wazi pande zote hatulii. Umbali wa sentimita 60 kutoka ukutani humwachia nafasi ya kupiga mbawa na humzuia kuguguna chokaa. Isikae chini ya pangaboi. Isikae karibu na jiko: vikaango visivyoshika chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache, na moshi wa seredani ni mbaya vilevile. Siku ya kufukiza udi au ubani, na usiku wa kuchoma dawa ya mbu, kasuku ahamishiwe chumba kingine chenye dirisha wazi mpaka harufu iishe. Barazani au juu ya paa usimwache peke yake. Kunguru humshambulia, na paka wa mtaani wanajua saa unayoondoka.

Ikifika nyumbani, usimpandishe siku ile ile. Iweke mita moja kutoka kwenye tundu lake, funga tawi moja tu la chini, na tundika juu yake kitu anachokipenda. Isogeze kidogo kila siku. Akianza kupanda mwenyewe ndipo uongeze matawi ya juu, moja moja. Kila wiki kaza nati zote, sugua matawi kwa maji ya moto na siki, tazama nyayo zake. Tawi likishakuwa laini kwa kukanyagwa au kuliwa hadi chini ya sentimita 2.5, lifungue, na tawi la akiba liwe limeshakauka.