Maswali yenu kuhusu poka ya mtandaoni

Wasomaji wengi wa Lubumbashi wameniuliza kuhusu poka ya kwenye simu, hasa vijana waliochoka kubashiri mechi za Ulaya. Mchezo huu naupenda na nimeusoma kwa miaka. Kwa sababu naupenda, sitamficha mtu upande wake unaokula pesa. Ninaouzungumzia ni Texas Hold'em, unaochezwa zaidi: kila mchezaji anapewa karata 2 za siri, kisha karata 5 zinafunuliwa mezani kwa wote, na mwenye mkono bora wa karata 5 anachukua kitita, yaani pesa zote zilizowekwa mezani. Ni mchezo wa watu wazima. Aliye chini ya miaka 18 asiendelee na pesa.

Mimi hubashiri mechi kila wikendi. Poka si bahati ileile? (Kijana, Katuba)

Mdogo wangu, bahati ipo, tena nyingi. Karata 2 za siri zinaweza kukujia kwa michanganyiko 1,326, na asi mbili utazipata kwa wastani mara 1 katika mikono 221. Hakuna ujuzi unaobadilisha hilo. Tofauti iko kwa mpinzani. Ukibashiri mechi unashindana na kampuni iliyokwisha kupanga bei kwa faida yake. Kwenye poka unashindana na watu kama wewe, na kampuni inakata kamisheni kwenye vitita, mara nyingi karibu 5% kwenye meza ndogo. Anayeamua vizuri kuliko wenzake, tena kwa kiasi kinachozidi ile kamisheni, anaweza kubaki na faida baada ya maelfu ya mikono. Usiku mmoja hauthibitishi kitu. Asiyejua anaweza kushinda Jumamosi nzima, na fundi akapoteza mwezi mzima.

Watu watakutajia Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee huko Marekani, aliyeanza na shindano la mtandaoni la kiingilio cha dola 86 na mwaka 2003 akashinda shindano kuu la World Series of Poker na dola milioni 2.5. Ni kweli kabisa. Lakini shindano lile lilikuwa na watu 839, na wengi wao walirudi nyumbani mikono mitupu bila mtu kusimulia habari zao.

Niko UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), nimebakiza dola 20 kwenye pesa ya mwezi. Nianzie wapi?

Kama hizo dola 20 ni za masomo, chumba au bukari (ugali), haziingii kwenye karata, na jibu langu linaishia hapo. Kama zikipotea leo jioni maisha yako hayatayumba, bado usiziweke. Kaa kwanza kwenye meza za bure, zenye pesa za mchezo, mpaka useme bila kufikiri mkono gani unashinda upi: jozi, jozi mbili, tatu zinazolingana, mfuatano, tano za rangi moja (kopa tupu au shupaza tupu), tatu pamoja na jozi, nne zinazolingana, na juu kabisa mfuatano wa rangi moja. Wanaoanza huchanganya hasa mfuatano na rangi moja. Rangi moja ndiyo kubwa.

Ukizoea, meza ndogo za kawaida ni za senti 1 na senti 2 (dau za lazima ambazo wachezaji wawili huweka kabla ya kila mkono), na kiingilio chake kamili, yaani pesa ya kukaa nayo mezani, ni dola 2. Wachezaji makini hukaa na viingilio 20 hadi 30, yaani dola 40 hadi 60 kwa meza hiyo, ili wiki mbaya isiwamalize. Wewe una viingilio 10. Kwa kujifunza si vibaya, mradi uzihesabu kuwa zimekwisha kutumika na usiongeze nyingine zikiisha. Kwenye mashindano pesa hupanda na kushuka kwa nguvu zaidi, na huko watu huweka akiba ya viingilio 100. Yapo lakini mashindano ya kuingia bure yenye zawadi ndogo. Hayo ningekushauri uyatafute kabla ya kitu kingine.

Nafuata karibu kila mkono kwa bei ndogo, lakini pesa inaisha polepole. Kosa liko wapi? (Dereva wa teksi, Kamalondo)

Kosa, Papa, ni huko kufuata, yaani kulipa dau sawa na la mwenzako ili ubaki kwenye mkono. Kwenye meza ya watu 9, mchezaji mzuri hutupa mikono mingi sana kabla ya karata za mezani kufunuliwa, mara nyingi zaidi ya mitatu katika kila minne. Anabaki na jozi kubwa, asi yenye mfalme au malkia, na michache mingine. Akikaa nafasi ya mwisho kuamua anaongeza kidogo, kwa kuwa ameshaona wenzake wamefanya nini. Akiwa wa kwanza anapunguza. Na akiamua kucheza, mara nyingi anapandisha (anaweka dau kubwa zaidi) badala ya kufuata, maana anayepandisha anaweza kushinda hata bila kuonyesha karata.

Sehemu ya pili ya ujuzi ni bei. Chukua mkono huu. Una asi na 8 za kopa. Flopu, yaani karata 3 za kwanza za mezani, inaleta kopa mbili. Kopa moja zaidi itakupa rangi moja yenye asi. Kitita kina dola 1, mpinzani anaweka senti 50. Ulipe?

Unaona karata 5, zako mbili na tatu za mezani. Zimebaki 47 usizozijua, na ndani yake kopa ni 9, kwa sababu 13 ukitoa 4 ni 9. Nafasi ya kopa kuja kwenye karata inayofuata ni 9 kwa 47, karibu 19%. Ukilipa senti 50, kitita kinakuwa dola 2, na wewe umetoa robo yake. Kwa hiyo unahitaji nafasi ya 25%. Hujafika. Ni kweli kwamba mpaka karata ya mwisho nafasi inapanda hadi karibu 35%, lakini mpinzani anaweza kukutoza tena kabla hujaiona. Unafuata tu kama amebaki na pesa nyingi na unaamini atakulipa kopa ikishuka, au kama unaona hata asi peke yake ingetosha kumshinda. Angeweka senti 25, ungetoa senti 25 kwenye kitita cha dola 1.50, karibu 17%, na hapo unalipa bila wasiwasi.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi jioni ukiwa huchezi. Baada ya wiki chache itakuja yenyewe. Na kutisha bila karata nzuri, kama filamu zilivyokufundisha kupenda, kuache kwanza: kwenye meza za senti watu wanalipa tu, hawatishiki.

Kijana mmoja wa WhatsApp anasema nimtumie pesa kwa simu, yeye aniwekee chipu (sarafu za mchezo) kwenye klabu yake ya poka ndani ya programu ya simu. Ni salama? (Mfanyabiashara, Kampemba)

Hapana, Yaya. Usimtumie hata franga moja. Katika klabu za namna hiyo, programu yenyewe inasema chipu ni za mchezo tu, na pesa halisi iko mfukoni mwa huyo kijana. Siku akibadilisha namba ya simu, huna mtu wa kumshtaki. Pia hujui kama watu watatu wa meza yako wako chumba kimoja wanaonyeshana karata.

Tafuta kampuni yenye leseni ya mdhibiti anayejulikana, kama Malta au Isle of Man, na uithibitishe kwenye tovuti ya mdhibiti mwenyewe, kwa maana nembo iliyo chini ya ukurasa wa kampuni mtu yeyote anaweza kuinakili. Hata hivyo leseni peke yake haitoshi. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilifunga anwani za mtandao za kampuni kubwa za poka. Ikaja kuonekana kwamba moja yao, Full Tilt, iliyokuwa na leseni ya Alderney (kisiwa kidogo cha Mlango wa Uingereza), haikuwa na pesa za kuwalipa wachezaji wake. Wachezaji wa nje ya Marekani walisubiri pesa zao hadi Novemba 2012, baada ya PokerStars kuinunua. Fundisho nililolishika: usiache kwenye akaunti pesa zaidi ya zile unazochezea.

Na jaribu mlango wa kutokea mapema. Weka kiasi kidogo, cheza kidogo, kisha omba kutoa. Hapo ndipo watakapodai kitambulisho, kwa hiyo jina la akaunti lilingane na lile la karti yako ya uchaguzi au pasipoti, na namba ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money iwe imeandikishwa kwa jina hilohilo. Wengi wetu tunatumia laini iliyoandikishwa kwa jina la kaka au shemeji, na pesa inakwama hapo. Wakitaka uthibitisho wa makazi, bili ya umeme (SNEL) au ya maji (REGIDESO) yenye jina lako inaweza kusaidia. Soma pia kama wanapokea wachezaji wa Kongo. Kama hawapokei, usijifiche kwa VPN, programu inayoficha uko nchi gani: watakuacha uweke pesa, na siku ya kutoa watazizuia kwa haki ya masharti yao.

Umeme au mega (data za simu) zikikatika katikati ya mkono, itakuwaje? (Katuba)

Muda wako ukiisha, karata zako zinatupwa, na ulichokwisha kuweka kwenye kitita hakirudi. Kwenye shindano, dau za lazima zinaendelea kukatwa. Cheza meza moja, simu ikiwa na chaji, na kama mtandao unasuasua jioni hiyo usiingie.

Nimeuziwa programu inayoonyesha karata za wapinzani. Inafanya kazi? (Ruashi)

Iondoe leo, na ubadilishe maneno ya siri na PIN ya pesa ya simu, ukitumia simu nyingine. Karata za wengine ziko kwenye kompyuta za kampuni, hazifiki kwenye simu yako. Kashfa ya UltimateBet, kampuni ya poka ya mtandaoni, iliyofichuka mwaka 2008, ilihusu kweli watu walioona karata za wenzao, lakini walipitia ndani ya mfumo wa kampuni yenyewe. Anayekuuzia kitu kama hicho sokoni anatafuta akaunti yako.

Mume wangu anacheza usiku kucha. Ameuza friji akisema atairudisha mwisho wa mwezi. Nifanye nini? (Mama, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi)

Pole sana, Mama. Mtu anayeuza vitu vya nyumba ili kufukuza alichopoteza hajifunzi mchezo tena. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo kuwa ugonjwa, na hesabu zangu zote za hapo juu hazimsaidii. Anachohitaji ni kusimama kabisa.

Ongea naye asubuhi, akiwa amelala na kula, usiongee naye akiwa na simu mkononi. Pesa ya chakula na ya shule ya watoto iwe kwenye laini yako, yenye PIN anayoijua mtu mmoja tu, wewe. Usimlipie deni kwa kumpa noti. Kama ni lazima, mlipe anayedai moja kwa moja. Kampuni zenye leseni zina sehemu ya kujifungia, ambayo mchezaji anaomba akaunti ifungwe kwa miezi 6 au zaidi na hawezi kuifungua kabla ya muda. Lazima aombe mwenyewe, kwa hiyo kaeni pamoja aombe ukiwa hapo, kisha programu iondolewe kwenye simu. Mtafute mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au padri au mchungaji, awe naye wiki za kwanza, kwa kuwa ndizo ngumu.

Akianza kusema afadhali afe, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hapa Lubumbashi kituo cha Joseph Guislain kinahudumia magonjwa ya akili. Akikataa kwenda, nenda wewe kwanza ukaulize.